Maambukizi ya HPV "yanayodumu" maana yake nini?

Mama mmoja wa Likoni alinijia jioni, karatasi ya maabara ameifunga kwenye pindo la leso kama mtu afungavyo nauli. Aliifungua taratibu, akainyoosha juu ya goti, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: HPV, chanya. "Mwanangu, nambie kweli. Hii ndiyo saratani yenyewe, ama ni ule ukimwi?" Usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi. Mumewe alikuwa safarini, na yeye huku nyumbani alishaanza kumhesabia makosa.

La ukimwi lilikuwa jepesi. HPV si HIV. Majina yamefanana kwa herufi tu, na kufanana huko kumewatia wanawake wengi wa hapa Mombasa hofu isiyo yao. La saratani ndilo lililotuchukua hadi baada ya magharibi, kwa sababu jibu lake limo ndani ya neno moja ambalo watafiti hulitumia kila siku na wagonjwa hawaelezwi: kudumu.

HPV ni ukoo wa virusi vya aina zaidi ya 200. Baadhi huota chunjua mikononi, baadhi huleta vinyama sehemu za siri, na aina kama kumi na kitu ndizo zinazoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kati ya hizo, aina ya 16 na ya 18 peke yake hubeba takriban asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyezipata aina hizi mbili ndani ya uvimbe wa saratani, mwaka 1983 na 1984, wakati ambapo wenzake wengi walikuwa wakivishuku virusi vingine kabisa. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Virusi hivi huambukizwa kwa ngozi kugusana wakati wa kujamiiana, na ni vya kawaida mno: watu wengi walioanza kujamiiana huvipata wakati fulani, wanawake kwa wanaume, bila dalili yoyote. Hapa ndipo nilipomuona mama yule akiinua uso. Kwa wanawake karibu tisa katika kila kumi, mwili wenyewe huvifukuza ndani ya miaka miwili. Hakuna dawa iliyomezwa, na mara nyingi mwenyewe hakujua kama aliwahi kuwa navyo. Ni mgeni wa siku mbili.

Maambukizi yanayodumu ni yale ya mgeni aliyefika siku ya tatu na, badala ya kushika jembe, akaanza kujenga. Kwa lugha ya utafiti, ni pale aina ileile ya HPV inapoonekana kwa mwanamke yuleyule katika vipimo viwili vinavyofuatana, miezi kadhaa ikiwa imepita kati yake. Neno "ileile" lina uzito wake. Mwanamke akionekana na aina ya 16 mwezi wa kwanza, halafu mwezi wa nane akaonekana na aina ya 52, huo si udumu, hao ni wageni wawili tofauti. Ndiyo maana kipimo kimoja chenye jibu "chanya" hakiwezi kukuambia kama virusi vinapita au vimekaa. Hakiwezi pia kukuambia viliingia lini, wala vilitoka kwa nani. Vinaweza kuwa vimejificha miaka mingi. Nililirudia hili mara mbili kwa mama yule, maana ndoa zimevunjika kwa karatasi ambayo haina tarehe ya virusi kuingia.

Kirusi kikishakaa, hulemaza breki za seli za mlango wa kizazi. Seli yenye breki nzuri hujua wakati wa kuacha kugawanyika, na ikiharibika hujiua. Ile yenye HPV inayodumu hupoteza uwezo huo, ikaendelea kuzaana na makosa yake. Mabadiliko hayo ya mwanzo bado si saratani, na yanatibika kliniki kwa kugandishwa au kuchomwa kwa kifaa cha joto, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kutoka hapo hadi saratani kamili huchukua kama miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na 5 hadi 10 tu kwa ambaye kinga yake imedhoofika. Mwanamke anayeishi na HIV ana hatari mara sita hivi kuliko asiye nayo, kwa sababu mwili wake hushindwa kumtoa mgeni. Utafiti uliofanyika hapahapa Mombasa kwa wanawake 820 wanaofanya biashara ya ngono, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha picha hiyohiyo: wenye HIV walikutwa zaidi na aina za HPV zilizo hatari.

Sasa twende kwenye chanjo, maana ndiko neno hili lilikofanya kazi kubwa kuliko kote.

Mtafiti anayetaka kujua kama chanjo inazuia saratani ana tatizo. Saratani huchukua miaka 20. Hawezi kukaa miongo miwili akiwatazama wanawake wapate mabadiliko ya hatari bila kuwatibu, wala hakuna mwenye dhamiri atakayemruhusu. Kwa hiyo huchagua kituo cha njiani. Basi la Nairobi likitoka Mombasa lazima lipite Mariakani na Voi. Si kila gari linalopita Voi hufika Nairobi, mengine huishia hapo, lakini ukilizuia Voi, Nairobi haliendi. Maambukizi yanayodumu ndiyo Voi ya saratani ya mlango wa kizazi. Hakuna saratani hii, isipokuwa kwa nadra sana, ambayo haikupitia hapo.

Utafiti wa KEN SHE uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu ulisimama kwenye kituo hicho. Uliwaandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20, kuanzia mwisho wa 2018. Kura ikapigwa: kundi moja likachomwa dozi moja ya chanjo ya HPV inayokinga aina mbili, la pili dozi moja ya ile inayokinga aina tisa, na la tatu chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili nalo lipate kinga ya maana badala ya maji matupu. Hakuna aliyejua yuko kundi lipi. Kisha wakawa wanarudi, sampuli zinachukuliwa, zinapimwa.

Baada ya miezi 18 walihesabu tu wale walioanza bila aina ya 16 wala 18. Katika kundi la uti wa mgongo, wanawake 36 kati ya 473 walikuwa wamepata maambukizi yanayodumu ya aina hizo. Katika kundi la chanjo ya aina tisa, mmoja kati ya 496. Katika lile la aina mbili, mmoja kati ya 489. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 97.5 iliyotajwa redioni. Wengi walidhani maana yake ni kwamba wasichana 97 kati ya 100 ndio wanaokingwa na waliobaki wameachwa. Sivyo. Ni ulinganisho: kwa kila maambukizi 100 yanayodumu ambayo yangetokea bila chanjo, chanjo ilizuia kama 97. Miaka mitatu ilipotimia, namba hazikushuka.

Mimi naona fahari kubwa kwamba swali hili lilijibiwa na wasichana wa Kenya. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022, na mwezi huohuo washauri wa Shirika la Afya Duniani wakasema dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana wadogo. Desemba ya mwaka huo shirika likauandika huo kuwa msimamo wake. Kenya, ambayo ilizindua chanjo hii hapa Mombasa mwezi Oktoba 2019 kwa dozi mbili zinazoachana miezi sita, ilihamia dozi moja mwaka 2025 kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "mbona zamani mbili na sasa moja, au dawa zimeisha?" ajue kwamba dozi ilipunguzwa kwa ushahidi. Wanaoishi na HIV hawamo katika hesabu hiyo ya moja. Wao bado hushauriwa zaidi ya moja, kwa vile kinga yao inahitaji kukumbushwa.

Na kuhusu uzazi, yaani kama chanjo humfanya msichana kuwa tasa, swali ambalo huulizwa kwa kunong'ona kila nikikaa barazani na akina mama: chanjo hii haina kirusi ndani, hai wala mfu. Ina ganda tu. Walichofanya wanasayansi ni kutengeneza ile protini ya nje ya kirusi, ambayo hujikunja yenyewe ikafanya tufe tupu. Mwili hulitazama, hulikariri sura, hutengeneza askari wake. Ni kifuu cha nazi. Kwa mbali utadhani ni nazi, ukikitikisa hakina nyama wala maji, na ukikifukia shambani miaka kumi hakioti mnazi. Hakina cha kuingia kwenye kizazi cha mtoto. Kinachonyang'anya wanawake uzazi ni saratani yenyewe, ambayo mara nyingi huwalazimu madaktari kuutoa mfuko wa uzazi au kuupiga mionzi. Mwaka 2020 pekee ilikadiriwa kwamba Wakenya 5,236 waligunduliwa kuwa nayo, na 3,211 wakafariki.

Je, kituo cha njiani kilisema kweli? Nchi zilizotangulia zimeshahesabu mabasi yaliyofika Nairobi kwenyewe. Huko Uswidi, wanawake waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na saratani hii kwa kiwango cha chini kwa asilimia 88, katika utafiti uliochapishwa 2020. Uingereza, mwaka uliofuata, ilionyesha upungufu wa asilimia 87 kwa waliopewa fursa ya chanjo wakiwa na miaka 12 au 13. Hiyo sasa ni saratani yenyewe.

Umri huo wa mapema huwakera baadhi ya wazazi, wakadhani mtoto anafunguliwa mlango wa zinaa. Sababu ni ileile ya mgeni: chanjo humzuia mlangoni, haimtoi aliyekwisha ingia. Msichana wa miaka 10 anayechanjwa leo anakingwa kwa ajili ya ndoa yake ya halali baada ya miaka kumi na tano, na hata kama yeye atajitunza, hajui mwenzake atakuja na nini.

Waliopitwa na umri wabaki na kupimwa. Hapa Mombasa watafiti wamewahi kuangalia jinsi ya kuliingiza zoezi hili katika kliniki za uzazi wa mpango, na mimi naliona jambo la busara, kwa sababu mwanamke tayari yuko pale, foleni ameshapanga. Kipimo cha HPV unaweza hata kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, kwa brashi ndogo laini. Kikiwa chanya, unaitwa kuangaliwa: muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, asubiri dakika moja hivi, atazame kama kuna doa linalogeuka jeupe. Siki kama ya kachumbari. Mama yule alicheka aliposikia.

Alikwenda. Doa halikuonekana. Akapewa tarehe ya kurudi, na safari hii alijua anarudi kutafuta nini: kama aina ileile bado ipo, au imekwisha ondoka. Karatasi aliikunja, akaifunga tena kwenye pindo la leso, kisha akaniuliza binti yake wa darasa la tano apelekwe siku gani.