Mhakiki wa sanaa ni nani? Mfano wa Eugène Fromentin

Neno uhakiki lina undugu na hakika. Anayehakiki picha huitazama mpaka aijue hakika yake: imechorwaje, kwa nini inamgusa mtu, na imepwaya wapi. Wengi huchanganya kazi hii na historia ya sanaa, ambayo huuliza zaidi nani alichora, lini, na nani alimlipa.

Mfano ninaoupenda ni Mfaransa Eugène Fromentin, mtoto wa daktari, aliyezaliwa La Rochelle mwaka 1820. Alikwenda Paris kusomea sheria, akaishia kwenye rangi. Kuanzia 1846 alisafiri Algeria mara tatu, na picha zake za wapanda farasi wa huko zikampa jina. Safari hizo zikazaa vitabu viwili, kisha ikaja riwaya moja, Dominique.

Uhakiki wake hasa umo katika Les Maîtres d'autrefois, yaani Mabingwa wa Zamani, kilichotoka 1876. Mwaka mmoja kabla alikuwa amezunguka Ubelgiji na Uholanzi akitazama picha moja baada ya nyingine. Mbele ya kazi za Rubens, mchoraji wa karne ya 17, hakutosheka kusema kwamba rangi zinapendeza. Aligundua kuwa rangi zenyewe ni chache na za kawaida, bali mchoraji amejua kuzipanga zikabebana hadi zikaonekana nyingi. Jambo kama hilo huliona upesi mtu aliyewahi kushika brashi na kukwama.

Amsterdam alithubutu zaidi. Picha kubwa ya mchoraji Mholanzi Rembrandt iitwayo Lindo la Usiku, ya mwaka 1642, ilikuwa na sifa tele. Yeye akaandika kwamba ina kasoro. Wanamgambo wa mji walilipia sura zao, Rembrandt akataka kuchora mwanga, na matakwa hayo mawili yakagongana humo humo. Unaweza kumkatalia, nami namkatalia kidogo, ila hoja yake utaikuta pale pale kwenye turubai. Hapo ndipo mhakiki anapoachana na mtu mwenye maoni tu: ushahidi wake unaweza kwenda kuutazama kwa macho yako.

Mwaka 1884 mchoraji Vincent van Gogh alikisoma kitabu hicho, akamwandikia mdogo wake jinsi alivyokifurahia. Fromentin hakuyashuhudia hayo. Alifariki Agosti 1876, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka.