Leseni ya wakili haitoshi kwa benki

Wengi wanaonunua nyumba Uingereza, wakiwemo jamaa zetu wanaoishi huko, huamini kwamba wakili yeyote mwenye leseni anatosha. Sivyo. Leseni humruhusu kukuhudumia wewe. Benki inayokukopesha nayo inahitaji wakili, na kwa kawaida ni huyohuyo mmoja anayebeba kazi zote mbili. Ndiyo maana benki huweka orodha za ofisi inazozikubali.

Vigezo hutofautiana. Benki nyingi England na Wales hutaka ofisi iwe na ithibati ya Law Society, chama cha mawakili wa huko, ya kazi za uhamisho wa nyumba. Baadhi hazipokei ofisi ya wakili mmoja. Wakili aliyemo kwenye orodha hufuata maelekezo ya UK Finance, chama cha mabenki na wakopeshaji, na hapo ndipo watu hushangaa: muuzaji akiwa na chini ya miezi 6 tangu asajiliwe kuwa mmiliki, wakili wako mwenyewe hana budi kuiarifu benki. Ukimkatalia asiiarifu, itambidi aache kuiwakilisha benki hiyo.

Na asiyemo? Benki inaweza kuweka wakili wake, na bili yake mara nyingi ukailipa wewe. Basi muulize wakili wako kama yumo kwenye orodha kabla hujatoa hata senti, tena uitaje benki yako kwa jina, maana kuwemo kwenye orodha moja si kuwemo kwenye zote.