Tala ni nini? Hesabu ya mapigo katika muziki wa asili wa India

Asiyeuzoea muziki wa asili wa India hudhani mpiga ngoma za tabla anajipigia tu. Sivyo. Kila pigo lina mahali pake ndani ya tala.

Tala ni duru ya mapigo yenye idadi maalumu, na duru hiyo hujirudia mpaka utunzi uishe. Pigo moja la kuhesabia huitwa matra. Kasi ya kuhesabu ni laya: polepole, wastani au haraka. Zipo tala za mapigo 6, 7, 10 na 12, lakini maarufu kupita zote kaskazini mwa India ni tintali, yenye mapigo 16 katika mafungu manne.

Ihesabu kwa mikono. Piga kofi kwenye 1 na kwenye 5. Ukifika 9 usipige, geuza tu kiganja kitazame juu. Kisha kofi tena kwenye 13. Hapo kwenye 9 panaitwa khali, yaani patupu. Ni neno lilelile la Kiarabu lililomo katika Rub al-Khali, jangwa la Uarabuni.

Utupu huo unasikika, na kwangu huu ndio uzuri wenyewe wa tala. Tabla ni ngoma mbili, na besi hutoka kwenye ile ya kushoto. Kila pigo lina silabi yake ya kutamkwa. Fungu la kwanza hutamkwa *dha dhin dhin dha*, ngoma zote zikilia. Fungu la tatu huwa *dha tin tin ta*: kuanzia pigo la 10 besi inanyamaza, na hairudi mpaka la 14. Mwimbaji aliyezama katika sauti yake hujua kwa sikio kwamba duru inakaribia kufunga.

Inafungia kwenye pigo la 1, liitwalo samu, ambalo ni mwisho wa duru moja na mwanzo wa nyingine. Njia tamu ya kulifikia ni tihai: kipande kimoja kinapigwa mara tatu, pigo lake la mwisho likatua kwenye samu. Chukua kipande cha mapigo matatu, *ti ta dha*, ukianzie kwenye 9. *Dha* ya kwanza itaangukia 11, ya pili 14, ya tatu samu barabara. Wasikilizaji wazoefu hutikisa kichwa kwa pamoja papo hapo.

Tala ya rupaki, ya mapigo 7, ina lake: samu yenyewe ndiyo khali. Duru inaanza kwa kiganja kilichogeuzwa.