Shehia ina mfuko gani? Mwaka mmoja wa kazi na hela, kwa lugha ya barazani

Shemeji yangu wa Tanga alikuja Pemba kututembelea, tupo barazani tunakunywa kahawa akaniuliza, "mwenyekiti wenu wa kijiji anasoma mapato na matumizi kila baada ya miezi mingapi?" Nikacheka kwanza. Halafu nikaona nashindwa kumjibu kwa neno moja, kwa sababu sie hatuna mwenyekiti wa kijiji, hatuna halmashauri ya kijiji, na hayo mapato ya kusoma mengi yao hayapo kwetu. Nnachoandika hapa ndo jibu nililompa, maana nimeona hata watu wa humu humu visiwani wanachanganya, mtu anasimama mkutanoni anamuuliza sheha "hela zetu ziko wapi" na sheha anatoa macho tu, na si kwamba kala, hela anayoulizwa haijawahi kupita mkononi mwake.

Kwa wenzetu wa Bara mambo yako hivi. Kijiji kina nafsi yake kisheria, kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, sheria yenyewe ni namba 7 ya mwaka 1982. Kina mkutano mkuu, yaani kila mkaazi aliyetimiza miaka 18, na hao ndo wanaoweka halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 mpaka 25 pamoja na mwenyekiti wao, mara ya mwisho walipiga kura tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji yeye ni muajiriwa, ndo mtu wa mafaili. Kila miezi mitatu watu wakutane wasomewe kilichoingia na kilichotoka, na anayetaka kugomba agombe. Kwenye karatasi ndo hivyo, shemeji mwenyewe kanambia kwao kuna mwaka walisomewa mara moja tu tena mvua inanyesha.

Kwetu Unguja na Pemba ngazi ya chini kabisa ni shehia na mkubwa wake ni sheha. Sheha hapigiwi kura. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, na ana washauri wake 12 ambao baadhi yao lazima wawe wazee. Haya yamo kwenye sheria ya tawala za mikoa, namba 8 ya 2014. Sasa hapa pana jambo watu hulipita mbio: mwaka huo huo 2014 ilitoka na sheria nyengine, namba 7, ya serikali za mitaa, na hio ndo ya mabaraza ya manispaa, mabaraza ya miji na halmashauri za wilaya, wale wenye madiwani, wenye mkurugenzi, wenye haki ya kutoza ada na kuziweka benki. Shehia imeangukia kwenye namba 8, upande wa utawala, siyo upande wa mfuko. Ukilishika hilo umeshamaliza nusu ya mada.

Jina lenyewe la sheha ni la zamani sana, enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi kule Unguja, masheha walikuwepo, na sie Pemba tulikuwa na madiwani, ila diwani wa zamani alikuwa bwana mkubwa wa nchi yake, si huyu wa leo anayekuja kuomba kura kwa vespa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi zikaenda kwenye matawi ya chama, masheha wakarudi miaka ya tisini vyama vingi vilipoingia.

Ukitaka kuijua shehia usitafute jengo, maana kwengine jengo hakuna, ofisi ni ukumbi wa nyumba ya sheha. Tazama meza. Ya sheha wetu ina daftari kubwa ambalo jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa nyavu, kibati cha wino wa muhuri kimekauka pembeni mpaka anakitia tone la maji ndo kigonge, na bahasha ya plastiki yenye picha ndogo ndogo za watu waliozisahau. Ndani ya daftari kuna nani kahamia, nani kahama, mgeni wa nani, nani kafariki. Unataka kitambulisho cha Mzanzibari, anza kwa sheha. Cheti cha mtoto, barua ya kumdhamini kijana, ngoma ya harusi usiku, ng'ombe unataka kumpeleka kumuuza wilaya nyengine, mpaka wa shamba unaogombaniwa kwa mnazi mmoja, kote huko unapitia kwa sheha. Mke na mume wamekosana saa nne usiku wanakwenda kumgongea yeye. Kazi ni nyingi wallahi, na nyingi yake haina risiti.

Penye risiti ndo si kwake. Mwenye duka akilipa leseni, muuza samaki akilipa ushuru wa soko, mtu akilipia kibali cha kujenga, hela hio ni ya baraza la mji, kwa Pemba ni Chake Chake, Wete na Mkoani, na Micheweni ni halmashauri ya wilaya. Siku hizi unapewa kontroli namba unalipa kwenye simu au benki na karatasi inatoka. Sheha haigusi. Kwa hio akikwambia toa elfu tano ya muhuri, muulize risiti, kwa adabu lakini, ni mtu mzima.

Halafu kuna mifuko mengine inayopita juu ya vichwa vyetu. Zanzibar ina majimbo 50, na jimbo lina mwakilishi anayekwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, na mbunge anayekwenda Dodoma, na kila mmoja ana mfuko wake wa jimbo. Kuna TASAF, ule mpango wa kunusuru kaya maskini, lakini ile ni ya walengwa kwa majina yao, kazi ya shehia ni kukaa kitako kwenye mkutano na kusema ukweli nani hana na nani anajifanya hana, na huo mkutano ukiuona utajua kwa nini masheha wengi wana presha.

Kisima chetu sie ni mfano tosha. Kuchimbwa kilichimbwa na mfuko wa jimbo, pampu ikatoka mfuko mwengine, tangi akaleta mfadhili aliyepiga picha akaondoka. Siku pampu ilipokufa kila mtu akamuangalia mwenzake. Tukazunguka ofisi kama wiki tatu, huku wanatwambia si yetu, kule wanatwambia andikeni barua, mwisho wanawake wakachoka kubeba ndoo wakaunda kamati ya maji, elfu moja kila nyumba kila mwezi, anaweka bibi mmoja kwenye kopo la maziwa ya unga na daftari la mistari la skuli. Na huyo bibi, ambaye hakuna sheria iliyomtaja, ndo mtu pekee shehiani kwetu niliyewahi kumsikia akisoma mapato na matumizi. Anasoma taratibu, kidole kwenye mstari: umeme hichi, valvu hichi, kibarua cha fundi hichi, soda ya fundi hichi. Soda ikaleta mjadala wa nusu saa, mzee mmoja anasema maji tunayauza wenyewe halafu fundi tunamnunulia soda, kwa nini asinywe maji. Watu wakacheka mpaka sheha naye akacheka, lakini soda ikafutwa, na mwezi uliofuata bibi akaileta kwenye hesabu kwa jina la "nauli".

Kamati za namna hio ndo mfuko wa kweli wa shehia nyingi. Kwenye pwani kuna kamati ya uvuvi, wanapokea wavuvi wa dago, yaani wa kupiga kambi ugenini, wanaokuja na barua ya sheha wa kwao, wanakamata nyavu haramu, na kwengine kama Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, wanafunga miamba ya pweza kwa miezi kama mitatu halafu wanafungua siku ya bamvua, watu wazima na watoto wanashuka pamoja na mtarimbo mkononi. Unguja vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani vinapata fungu kwenye hela ya viingilio vya watalii. Hizo hazimo kwenye bajeti ya baraza wala ya jimbo, zimo kwenye daftari la katibu wa kamati, kwa hio ukitaka kuuliza usimkamate sheha shati, muulize katibu daftari liko wapi.

Mwaka wenyewe sasa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni. Makunduchi nao Julai ndo wanaoga mwaka, wanapigana kwa migomba mpaka jasho linatoka halafu wanakula pamoja, na mie huwa nasema bajeti nayo ingeanzwa hivyo tungejua mapema nani ana kinyongo. Ukenda baraza la mji miezi hio ya mwanzo kuuliza ya kwenu yataanza lini utaambiwa subiri. Na huku Pemba karafuu ikichanganya hakuna mtu wa kusubiri chochote, wachumaji wageni wanatafuta pa kulala, karafuu mbichi zinaibiwa mtini, watu wanataka vibali vya kusafirishia, watoto wanakimbia skuli kwenda kuokota zilizodondoka, yote yanamfikia sheha. Hela ya msimu inatoka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inakwenda kwa mkulima moja kwa moja, shehia haipati hata senti, lakini mjanja ndo wakati huo anaitisha mchango wa msikiti au wa banda la skuli, kwa sababu Machi ukimchangisha mtu atakuonesha mfuko wa suruali umetoboka.

Disemba kuelekea 12 Januari ni shamrashamra za Mapinduzi. Mawe ya msingi yanawekwa, skuli zinazinduliwa, na kama mradi wenu umekaa muda mrefu bila ya rangi basi hapo ndo utapata rangi. Sheha kazi yake ni kuhakikisha watu wamekuja na viti vipo.

Baada ya hapo ndo pana wiki chache ambazo ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila mtu azijue, nazo zinapita kimya kimya. Baraza la mji linaandaa makadirio ya mwaka unaokuja, na sheha na washauri wake wanatakiwa wapeleke mahitaji ya shehia, yapitie kwa diwani wa wadi yenu. Hapo ndo pa kusema. Watu wetu wanakaa kimya Februari halafu wanakuja kupiga kelele Mei, mtaro umefurika, maji yameingia ndani, kipindupindu kinatajwa, na wakati huo kitabu cha makadirio kimeshafungwa na Chukwani wanasoma bajeti tunawasikiliza redioni. Ramadhani yenyewe inazunguka mwaka mzima haina mwezi wake wa fedha, ikiangukia hapo katikati sheha anakuwa na orodha nyengine kabisa, ya wajane na mayatima kwa ajili ya futari na sadaka za watu.

Tarehe 30 Juni baraza linafunga vitabu, baadae Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anapita kuvikagua. Kwa sheha siku hio haina tofauti na jana yake. Daftari lile lile, kibati kile kile cha wino.

Shemeji akanyamaza kidogo akauliza, "sasa ule mtaro niliouruka asubuhi na viatu mkononi, ule uko mfuko upi?" Wa baraza la mji, nikamwambia, ila bado uko kwenye orodha. Mwaka wa kwanza ulipelekwa ukiwa namba saba, mwaka uliofuata namba nne, safari hii sheha kautia namba mbili, na namba moja ni choo cha skuli ya maandalizi, hapo hata mie sikugomba.