Tanga na mkonge: yanayosemwa na yalivyo

"Tanga ni mkonge." Ndivyo tulivyokaririshwa shuleni, na kauli hiyo imezaa dhana ambazo hata wenyeji wa Muheza na Korogwe huzirudia.

Dhana: Mkonge ni mmea wa asili wa Tanga.
Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikasalimika 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani.

Dhana: Ulishamiri kwa sababu Tanga ina rutuba na mvua nyingi.
Mkonge hauna makuu. Huvumilia ukame, na hustawi kwenye udongo wa chokaa usiotuamisha maji. Lakini kumea ni jambo moja, kuwa biashara ni jingine. Jani la mkonge ni zito, na singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Nani atasomba majani hayo hadi mjini? Kwa hiyo korona, yaani kiwanda cha kutenganisha singa na jani, hujengwa shambani, na korona haiendi bila maji mengi ya kusafishia singa. Maji hayo huletwa na mito, mingi ikishuka kutoka milima ya Usambara, ambako mvua hunyesha kuliko huku bondeni. Kisha kuna reli: ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Tazama ramani uone mashamba ya mkonge yalivyoandamana nayo.

Dhana: Mashamba yalilimwa na wenyeji wa hapa.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa inawafuta watu. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao ya chakula, na wengi hawakutaka kibarua cha mkonge. Waliokata majani ni manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana katika vijiji vya kando ya mashamba utakuta Waha, Wangoni na Wamakonde ambao hawajui kwao kwingine zaidi ya Tanga.

Dhana: Mkonge uliporomoka kwa sababu ardhi ilichoka.
Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kilichoangusha bei ni kamba za nailoni na plastiki katika soko la dunia, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa katikati ya anguko hilo. Udongo ni uleule.

Dhana: Bandari ya Tanga ilidorora kwa sababu ghuba yake ni mbovu.
Ghuba imekingwa vizuri na mawimbi. Tatizo lilikuwa gatini, ambako kina kilikuwa kama mita 3, hivyo meli zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa kwa matishari, gharama juu ya gharama. Katika maboresho ya miaka ya karibuni kina hicho kimechimbwa hadi mita 13, na sasa meli kubwa zinafunga gatini na kupakuliwa hapo hapo.