Skrubu ya kuzuia uchokonoaji ni nini?

Pasi ya mama mdogo, anayekaa Ngamiani hapa Tanga, iliacha kupata moto mwezi uliopita. Ugonjwa wake haukuhitaji kutafutwa: ukiupinda waya kidogo pale unapoingia kwenye mpini, taa inawaka, ukiuachia, inazima. Waya umekatika shingoni. Nikaichomoa kwenye umeme, nikageuza kisigino chake, nikakuta mfuniko umeshikwa na skrubu moja tu. Katikati ya kichwa chake hapakuwa na mstari wala msalaba, bali tundu dogo la pembetatu. Bisibisi zangu zote tatu ziligoma kuingia.

Hiyo ndiyo skrubu ya kuzuia uchokonoaji. Kwa uzi wake na kazi yake ya kubana ni skrubu kama nyingine. Tofauti iko kichwani. Kichwa kimechongwa umbo ambalo bisibisi bapa na ile ya msalaba haziwezi kulishika, ili asiye na kifaa chake maalumu asifungue. Wapo wanaoiita skrubu ya usalama. Jina hilo silipendi, kwa sababu halisemi ni usalama wa nani.

Maumbo ni mengi. Ya pembetatu utaikuta kwenye pasi, majagi ya kuchemshia maji na midoli. Yenye mabawa matatu, mfano wa herufi Y, Nintendo wameitumia miaka mingi kwenye mashine zao za michezo. Ipo yenye vitundu viwili vinavyokutazama kama macho. Ipo pia isiyorudi: ina mstari wa kawaida, lakini upande wa kufungulia umekatwa mteremko, hivyo bisibisi inakaza vizuri na ukitaka kulegeza inateleza.

Inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni Torx, ile ya nyota yenye ncha sita. Kampuni ya Camcar ya Marekani iliibuni mwaka 1967, na haikukusudiwa kumzuia mtu. Skrubu ya msalaba, aliyoieneza Henry Phillips miaka ya 1930, ina tabia ya kuisukuma bisibisi nje ukikaza kwa nguvu, na ikiteleza mara mbili tatu kichwa kinaliwa. Nyota ya ncha sita inashikwa kuzunguka pande zote, kwa hiyo karibu nguvu yote ya mkono inakwenda kwenye kuzungusha. Ni ufundi mzuri kabisa. Baadaye kikaongezwa kijiti kidogo cha chuma katikati ya nyota, na bisibisi iliyokuwa ikiingia bila shida ikawa inagonga. Sasa utafute yenye tundu kwenye ncha. Kijiti hicho hakibani kitu wala hakiongezi uimara. Kimewekwa hapo kukukatalia.

Kwenye simu, kisa kinachojulikana ni cha iPhone 4. Ilipotoka mwaka 2010, skrubu zake mbili za chini zilikuwa za msalaba. Muda si mrefu Apple wakazibadili, wakaweka zenye umbo la ua la petali tano, wakati ambapo bisibisi yake haikuwa kitu cha kupata dukani. Mwanzoni mwa 2011 kampuni ya iFixit ikapiga kelele hadharani na kuanza kuuza vifaa vya kuzifungulia.

Kuna mahali ambapo skrubu hizi zina haki yao. Maikrowevu ina kapasita ya volti zaidi ya elfu mbili, na inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mtu akitia mkono humo bila kujua anaweza kufa. Hapo sina ubishi. Lakini pasi iliyochomolewa na kupoa haina cha kuua mtu ndani yake.

Tanga ni mji wa baiskeli. Watoto hapa wanakua wakishika spana, wanavua gurudumu na kuziba pancha wenyewe, na hakuna nati kwenye baiskeli ya kawaida inayowauliza wao ni nani. Ndiyo maana skrubu ya pembetatu inaniuma. Kifaa umekinunua kwa pesa yako, ubovu umeujua, dawa yake unaijua, halafu unazuiwa mlangoni. Na kwetu pwani kuna tatizo la pili: upepo wa chumvi. Skrubu iliyokaa miaka bila kufunguliwa inashika kutu, na ukiilazimisha kwa bisibisi isiyo yake, kichwa kinaliwa na hata bisibisi sahihi ikija haina pa kushika.

Ulaya wameanza kuliwekea jambo hili sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024 linawataka watengenezaji wa bidhaa fulani, zikiwemo friji, mashine za kufulia na simu, wasitumie mbinu za vifaa au za programu kuzuia matengenezo bila sababu halali. Nchi wanachama zilipewa hadi Julai 2026 kuanza kulitekeleza.

Pasi niliipeleka kwa fundi wa jirani. Aliitazama akasema, “Kaka, ubovu wake mdogo, ila bisibisi yake hata mimi sina.” Akachukua bisibisi kuukuu iliyoisha ncha, akaikalia kwa tupa, anasugua upande mmoja, anaijaribu kwenye tundu, anasugua tena. Akadondoshea skrubu mafuta ya taa, akasubiri. Ilipozunguka ilitoa mlio mkavu, kisha ikalegea. Ndani mlikuwa na nyaya tatu zilizobanwa kwa skrubu za mstari, za kawaida kabisa. Alikata kipande kilichochoka, akamenya, akabana upya. Kisha akaitupa ile ya pembetatu kwenye kopo, akachagua nyingine ya msalaba inayolingana nayo uzi, na kufunga mfuniko.