Supachaja Katika Toyota 86: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Supachaja yoyote, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu, huvuta kwa nguvu tangu mzunguko wa chini, kwa kuwa huendeshwa na mkanda wa injini na haingojei moshi wa ekzosi kama turbo.

Ukweli: Jambo hili hutegemea aina ya supachaja. Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 pamoja na pacha wake Subaru BRZ, ina injini ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 200, na wanaoiendesha wamelalamika tangu mwanzo kwamba msukumo wake hulegea kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika. Supachaja ya rota mbili, ambayo kila inapozunguka husukuma kiasi kilekile cha hewa, huliziba pengo hilo vizuri. Ile ya feni ni tofauti, kwani presha yake hupanda takriban kwa mraba wa kasi, hivyo iliyopangwa kutoa psi 8 (psi ni kipimo cha presha) katika mizunguko 7,400 itatoa karibu psi 2 tu katika mizunguko 3,700. Anayeendesha mjini kwa utulivu anaweza kumaliza wiki nzima bila kuona alicholipia.

Dhana: Injini kama hii, yenye uwiano wa mgandamizo wa 12.5 kwa 1 (yaani inayobana hewa ndani ya silinda hadi sehemu moja ya 12.5 ya ujazo wake), haiwezi kabisa kuongezewa hewa.

Ukweli: Inaweza, kwa sababu sehemu ya petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na kuipoza hewa kabla ya cheche, mradi presha iwe ndogo, petroli iwe ya okteni ya juu na kompyuta ya injini ipangwe upya. Hata hivyo, nafasi ya kukosea ni finyu mno. Hewa inayogandamizwa hupata joto, na joto likizidi, au petroli ikiwa hafifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na injini huanza kugonga. Kompyuta ikihisi hivyo huchelewesha cheche, na nguvu uliyoinunua hupotea palepale. Kwa maoni yangu, anayebana matumizi kwa kuacha intakula, yaani kipoza hewa iliyogandamizwa, amenunua nusu ya kifaa.

Dhana: Supachaja hufuta kabisa athari za mwinuko.

Ukweli: Supachaja ambayo puli yake (gurudumu la mkanda linaloizungusha) haijabadilishwa huzidisha presha ya hewa iliyopo kwa uwiano uleule. Pwani, ambako hewa ina takriban psi 14.7, nyongeza ya psi 8 hufikisha jumla ya psi 22.7; Nairobi, ambako hewa ina takriban psi 12, uwiano huohuo huleta jumla ya psi 18.5, yaani nyongeza ya psi 6.5 tu.

Dhana: Mlio mpya chini ya boneti ni dalili ya ubovu.

Ukweli: Mlio mwembamba unaopanda pamoja na mzunguko wa injini ni wa kawaida, na wapo wanaoufurahia kuliko nguvu yenyewe. Wa kuangaliwa ni ule mkwaruzo mfupi unaosikika unapokanyaga mafuta ghafla, kwa kuwa mara nyingi humaanisha mkanda unateleza juu ya puli, na hapo hukaguliwa kwanza kikaza mkanda, kisha mkanda wenyewe, kabla ya mtu kuanza kuishuku supachaja.